Maradhi ya wasiwasi: Chanzo chake si imani ndogo



Leo katika safu yetu ya afya tunayazungumzia maradhi ambayo watu wengi wanayo, wachache wanayajua kwa jina lake, na karibu kila ukoo umewahi kuyapachika jina lisilo lake. Haya ni maradhi ya wasiwasi.

Mfikirie mama wa nyumbani mwenye miaka thelathini na kitu. Yuko sokoni anachagua nyanya. Ghafla moyo unamwenda mbio, pumzi hazitoshi, vidole vinakufa ganzi, kijasho chembamba kinamtoka, na anahisi kabisa kuwa sasa ndio anakata roho. Anakimbizwa hospitali. Anapimwa presha, malaria, sukari na moyo, kisha anaambiwa hana kitu. Anarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili jambo lilelile linamkuta ndani ya daladala. Sasa haendi tena sokoni wala hapandi gari peke yake. Jirani anasema ni presha ya kupanda na kushuka. Shangazi anasema ni kijicho. Mume ananong'onezwa kwamba mkewe ana jini mahaba. Mwingine mwenye elimu kidogo ya dini anamwambia, imani yako ndogo, zidisha adhkari. Mama wa watu anazidisha adhkari, hali inamrudia vilevile, na sasa juu ya hofu ya kufa anabeba hofu ya pili, kwamba huenda Mola wake hakumridhia.

Hiyo hofu ya pili ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya. Ile ya kwanza ina chanzo kinachoeleweka na ina dawa. Ya pili wanampachika wanaadamu wenzake, na mara nyingi ndiyo inayomchelewesha kupata tiba.

Tuanze na jambo la dini kwa ufupi. Kuogopa si dhambi wala si alama ya kukosa imani. Katika Sura Taha tunaelezwa kwamba Nabii Musa (A.S.) alihisi hofu ndani ya nafsi yake pale wachawi wa Firauni walipotupa kamba zao, naye ni katika Mitume wakubwa. Katika Sura al-Qasas tunaelezwa hali ya moyo wa mama yake baada ya kumtia mwanawe mtoni, hadi Allah akamtia nguvu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga dhidi ya hamu na huzuni, na amewafundisha umma wake dua hiyo. Kama hamu isingeweza kumfika muumini, dua hiyo ingekuwa na kazi gani?

Hofu ya kawaida na hofu iliyogeuka maradhi

Allah ameiweka hofu katika mwili kama kinga. Ukiwa unavuka barabara ukasikia honi ya lori mgongoni, unaruka kabla hujafikiri. Katikati ya ubongo, kila upande, kuna kiungo kidogo chenye umbo la kokwa ya lozi kinachoitwa amigdala. Hicho ndicho mlinzi wa zamu. Kikiona hatari kinapeleka habari sehemu nyingine za ubongo, na kutoka hapo amri inakwenda kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo zinamwaga homoni za adrenalini na kotisoli ndani ya damu. Moyo unapiga haraka ili kupeleka damu kwenye misuli ya miguu na mikono. Pumzi zinaongezeka. Tumbo linasimamisha kazi yake, na ndiyo maana mtu mwenye hofu kinywa humkauka na chakula hakimshuki. Mboni za macho zinapanuka. Jasho linatoka ili kuupoza mwili. Yote haya ni maandalizi ya kukimbia au kupambana, nayo hutuwama lori likishapita.

Sasa fikiri mlinzi huyu akipiga kengele wakati hakuna mwizi, au akaendelea kuipiga usiku kucha mwizi alikwishaondoka. Hapo ndipo maradhi yanapoanza. Madaktari hutazama mambo matatu: je, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe, je, imekaa muda mrefu, na je, imemzuia mtu kufanya kazi, kusoma, kulala au kuchanganyika na wenzake. Mzazi kukosa usingizi mtoto anapoumwa si maradhi. Mzazi kukosa usingizi miezi sita akiwaza mtoto mzima wa afya asije akaumwa, hilo ni jambo la kumwona mtaalamu.

Yapo ya namna mbalimbali. Upo wasiwasi wa kudumu, ambao mtu huamka nao na kulala nao, akihangaikia kila kitu kuanzia ada ya shule hadi mlango kama umefungwa. Ipo mishtuko ya hofu kama ile ya mama wa sokoni, ambayo hupanda na kufikia kilele ndani ya dakika chache. Ipo hofu ya watu, inayomfanya kijana mwenye kisomo kizuri ashindwe kusimama mbele ya safu kuswalisha au kujibu swali darasani. Na zipo hofu za kitu maalumu, kama vile damu, sindano, radi, mbwa au urefu wa ghorofa.

Msomaji asidhani kwamba tunazungumzia watu wachache. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, wakiwemo watoto na vijana milioni 58. Hakuna maradhi ya akili yaliyoenea kuliko haya. Na katika wanaoyahitaji matibabu, ni takriban mmoja tu kati ya wanne anayeyapata.

Basi yanatoka wapi?

Jibu la kweli ni kwamba hakuna chanzo kimoja. Mara nyingi ni mambo mawili au matatu yamekutana kwa mtu mmoja. Mfano wake ni moto wa jikoni: kuni kavu peke yake haiwaki, na kiberiti bila kuni huzima.

Kuni ni maumbile aliyozaliwa nayo mtu. Wataalamu wamewachunguza mapacha wa kufanana, ambao wamerithi vinasaba sawasawa, wakawalinganisha na mapacha wasiofanana. Wameona kwamba tofauti baina ya watu katika kupatwa na maradhi haya inaelezwa na urithi kwa kiasi cha kati ya asilimia 30 na 50. Kwa hiyo ukisikia kwamba bibi alikuwa "mtu wa roho ndogo", mama naye hivyo, na binti naye kaanza, usikimbilie kusema kuna jini la ukoo linalorithiwa. Kinachorithiwa ni aina ya mlinzi, yaani ubongo mwepesi wa kupiga kengele. Na wala si lazima mtoto ayapate, maana zaidi ya nusu ya hadithi ipo kwingineko.

Tabia hii huonekana mapema mno. Profesa Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwachunguza watoto wachanga wa miezi minne kwa kuwaonyesha vitu vipya na kuwasikilizisha sauti ngeni. Wengi walitazama tu. Takriban mmoja kati ya watano alirusha miguu na mikono na kulia. Watoto hao walipofuatiliwa miaka mingi, wengi wao walikuwa wenye haya na tahadhari, na walikuwa katika hatari zaidi ya kupata maradhi ya wasiwasi walipofikia ujana. Mtoto kama huyo hajadekezwa wala hana kiburi anapojificha nyuma ya kanga ya mama yake mgeni akibisha hodi. Ameumbwa hivyo. Kumburuza kwa nguvu mbele ya wageni na kumcheka hakumsaidii, na kumficha moja kwa moja asionane na watu hakumsaidii pia. Anahitaji kuzoeshwa kidogo kidogo.

Kiberiti ni yale yanayompata mtu, na hasa utotoni. Huko California, Marekani, kati ya mwaka 1995 na 1997, watu wazima zaidi ya 17,000 waliulizwa kuhusu maisha yao ya utotoni: kama walipigwa, walitukanwa, walidhalilishwa kijinsia, kama mama yao alikuwa akipigwa, kama nyumbani kulikuwa na mlevi au wazazi walitengana. Ilionekana kwamba kadiri idadi ya misukosuko ilivyoongezeka ndivyo hatari ya maradhi ya akili na ya mwili ukubwani ilivyopanda. Hapa tuseme wazi jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Zipo nyumba zetu, na zipo madrasa zetu, ambazo mtoto anafundishwa Qur'an Tukufu huku anatetemeka kwa kuangalia mkwaju. Mtoto yule anaukuza ubongo wake ndani ya hatari isiyokwisha, na kengele yake inazoea kulia. Mtume (S.A.W.) alihudumiwa na Anas bin Malik (R.A.) kwa takriban miaka kumi tangu akiwa kijana mdogo, na Anas mwenyewe amesimulia kwamba hakuwahi kukaripiwa naye. Sijui mkwaju huu tumeutoa kwa nani.

Ukubwani vipo viberiti vingine: kufiwa, talaka, deni, kufukuzwa kazi, kesi, ujauzito na uzazi, ajali ya barabarani. Vita ni kiberiti kikubwa zaidi. Mwaka 2019 WHO ilieleza kwamba katika maeneo yenye migogoro ya vita, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ana aina fulani ya maradhi ya akili, wasiwasi ukiwamo. Ndugu zetu waliokimbia mapigano Congo na Burundi wanalijua hili bila kuambiwa na yeyote. Na mwaka 2020, mwaka wa kwanza wa janga la Uviko, maradhi ya wasiwasi na sonona yaliongezeka duniani kwa asilimia 25. Wanawake hupatwa takriban mara mbili ya wanaume. Sehemu ya sababu ni homoni, na sehemu nyingine ni mzigo na madhila wanayobebeshwa.

Hofu pia hujifunzwa kwa kutazama. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Susan Mineka na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walichukua kima wachanga waliozaliwa maabara, ambao hawakuwahi kumwona nyoka na hawakumwogopa. Walipowaona kima wakubwa waliotoka porini wakimwogopa nyoka, nao wakaanza kumwogopa, ndani ya dakika chache tu. Jambo la ajabu ni kwamba walipoonyeshwa picha za kima anayeogopa maua, hawakuingiwa na hofu ya maua. Maana yake ubongo umeandaliwa kujifunza haraka hofu za aina fulani kuliko nyingine. Mtoto anayemwona mama yake akipiga kelele kila akiona mjusi hahitaji somo lingine.

Nasi tumeyaona haya kwa ukubwa wa mji mzima. Mwaka 1995 habari za Popobawa zilianzia Pemba, zikaenea Unguja hadi Dar es Salaam. Watu wazima, wenye familia zao, walitoka ndani wakalala nje kwa makundi, wakikesha na moto. Wengi waliosimulia kuvamiwa walieleza hali moja: umelala, unaamka, huwezi kunyanyua hata kidole, kifua kimeelemewa, na unahisi kuna kitu chumbani. Wazee wetu waliita hali hii jinamizi tangu zamani. Wataalamu wa usingizi wanaieleza hivi. Mtu akiwa katika usingizi wa ndoto ubongo huilegeza misuli yote ili asije akaiigiza ndoto kwa viungo vyake. Wakati mwingine fahamu huamka kabla misuli haijafunguliwa. Hapo mtu anajiona yuko macho lakini mwili umefungwa, na ndoto bado inaendelea. Hali hiyo hutokea zaidi kwa aliyekosa usingizi, mwenye wasiwasi, na anayelala chali. Sasa mji ambao watu hawalali kwa hofu, wanaamka na jinamizi, wanasimuliana asubuhi, na usiku hawalali tena! Utaona hofu inavyojizalisha yenyewe. Anayesumbuliwa na jinamizi apate usingizi wa kutosha, na alale kwa ubavu wa kulia, ambayo ni Sunna.

Maradhi mengine yanayojivika sura ya wasiwasi

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa makini, kwa sababu humo wamo watu wanaotibiwa jini ilhali wanahitaji kipimo cha damu.

Mbele ya koo ipo tezi yenye umbo kama la kipepeo. Hiyo ndiyo inayovimba mtu akapata rovu, lakini inaweza kuharibika hata bila uvimbe kuonekana. Ikifanya kazi kupita kiasi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anatoka jasho na hastahimili joto, hapati usingizi, anakuwa mkali na mwenye wasiwasi. Anakula vizuri lakini anakonda. Hedhi inabadilika. Wengine macho yanatokeza nje. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume. Mke wa namna hii akipelekwa kwa mganga, mganga ataona dalili zote anazozitaka: hatulii, halali, macho yamemtoka. Kumbe kipimo cha damu kingelisema tatizo, na dawa zake zipo.

Upungufu wa damu nao unamfanya mtu ahisi mapigo ya moyo na kutweta kwa kupanda ngazi tu. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imemshuka hutetemeka, hutoka jasho na kuingiwa na hofu ya ghafla. Huyo anahitaji kitu cha sukari mara moja, wala asiambiwe atulize moyo kwanza. Moyo wenyewe unaweza kuwa na hitilafu ya mapigo. Pampu ya pumu ikitumika mara nyingi huleta mtetemo na moyo kwenda mbio, na baadhi ya dawa jamii ya steroidi huharibu usingizi na hali ya moyo. Mtu aliyezoea pombe au dawa za usingizi akikatiza ghafla hupata wasiwasi mkubwa na hata degedege.

Halafu kuna tunavyovitia mdomoni wenyewe. Kahawa ni kinywaji cha halali na baraza zetu hazinogi bila ya hiyo, lakini ina kafeini, na kafeini inaamsha kengele ileile tuliyoieleza. Katika majaribio ambayo watu wenye mishtuko ya hofu walipewa kafeini ya kiasi cha vikombe vitano kwa mkupuo, takriban nusu yao walipatwa na mshtuko. Vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyobugia vijana wa bodaboda wakati wa usiku vina kafeini hiyohiyo pamoja na sukari nyingi. Mirungi ina kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya amfetamini, na mlaji wake hukosa usingizi, hutiwa wasiwasi na hata kuwashuku watu bila sababu. Bangi, ambayo wavutaji hudai inawatuliza, huwatia wengi wao hofu kali.

Kwa nini hairudi ilikotoka

Msomaji anaweza kuuliza: sawa, mama yule alishtuka mara moja sokoni, pengine kwa uchovu na joto na kikombe cha kahawa juu ya tumbo tupu. Kwa nini inamrudia?

Jawabu lake lilielezwa vizuri mwaka 1986 na David Clark, mwanasaikolojia wa Uingereza. Moyo unakwenda mbio kidogo. Mtu anautafsiri mwendo ule kuwa ni kifo. Tafsiri ile inamtia hofu. Hofu inamwaga adrenalini. Adrenalini inauongeza moyo mbio, naye anaona ushahidi kwamba kweli anakufa. Ni duara. Pumzi nazo zina mchango wake: anayehema haraka haraka huitoa hewa ukaa kupita kiasi, na kupungua kwake ndani ya damu ndiko kunakoleta ganzi ya vidole na midomo, na kizunguzungu. Ganzi ile wengi wanaiita kiharusi. Si kiharusi, ingawa anayeipata kwa mara ya kwanza apimwe.

Kuna mwanamke mmoja wa Marekani anayetambulika katika maandiko ya kitabibu kwa herufi S.M. pekee. Maradhi adimu yaliiharibu amigdala yake pande zote mbili, na watafiti walipompeleka mbele ya nyoka na sinema za kutisha hakuonyesha hofu yoyote. Lakini mwaka 2013 ilitangazwa kwamba alipovutishwa hewa yenye hewa ukaa kwa asilimia 35, aliingiwa na hofu kubwa ya kukosa pumzi, akahangaika. Basi zipo hofu zinazoingia kwa macho na masikio, na zipo zinazochipuka ndani ya mwili wenyewe, bila kuona kitu wala kuwaza kitu. Anayekuambia "mimi sikuwa nawaza chochote, imekuja tu" mwamini.

Kinachoyakomaza maradhi zaidi ya yote ni kukwepa. Mama akiacha kwenda sokoni anapata nafuu siku ile, na nafuu ile inamfundisha ubongo kwamba soko kweli lilikuwa hatari. Kesho anaacha daladala, keshokutwa harusi, mwisho hatoki mlangoni. Na familia kwa mapenzi inamsaidia kukwepa: tutakununulia, tutakusindikiza, wewe pumzika.

Vipi kuhusu majini, na vipi kuhusu waswasa

Kuamini kuwepo kwa majini ni katika imani yetu, na hatuandiki hapa kukanusha hilo. Sura ya mwisho ya msahafu inatufundisha kujikinga na mtia wasiwasi, awe jini au mtu. Ruqya kwa Qur'an na dua zilizothibiti ni jambo jema, na mgonjwa anaweza kujisomea mwenyewe au akasomewa na mzazi wake bila kulipa senti. Tunachokikataa ni mtu kufungiwa, kuchapwa viboko ili "jini litoke", kufukizwa moshi hadi akakosa pumzi, au binti kuachishwa shule kwa sababu ameanguka mara mbili. Tunakataa pia kuuza kiwanja kwa ajili ya mganga. Aliyetuamrisha kujikinga kwa dua ndiye aliyetuamrisha kujitibu, na akatueleza kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa isipokuwa uzee.

Wanazuoni wetu walilijua hili kabla ya Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Humo alieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kimoja kikiugua humuathiri mwenzake. Alizungumzia hofu, hasira, huzuni na wasiwasi wa mawazo, kila moja katika mlango wake. Akaitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, ambayo aliiona inatokana na mwili na inahitaji tiba ya mwili. Zaidi ya miaka 1,000 imepita. Leo sisi ndio tunaowaambia wagonjwa wetu wajikaze.

Ama waswasa wa udhu na najisi, hili ni tawi la karibu. Mtu anaosha mkono mara ishirini, anarudia takbira mpaka imamu anarukuu, anakaa chooni saa nzima kwa kushuku tone. Ngozi inapasuka, swala zinampita. Madaktari siku hizi wanayaweka maradhi haya katika kundi lake pembeni ya maradhi ya wasiwasi, lakini ni ndugu, na yana urithi na hitilafu za ubongo kama hayo mengine. Ibn Qudama, faqihi mkubwa wa madhehebu ya Hanbali, aliandika risala nzima kuwakemea wenye waswasa. Kanuni ya fiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka ni tiba nzuri hapa: ukishaosha kama ilivyoamrishwa, ondoka bombani, hata kama moyo haujatulia. Kila anaporudia "kwa usalama" anailisha shaka. Akishindwa kabisa, huyo ni mgonjwa, si mchamungu kupita wenzake wala si mpuuzi, na tiba ipo.

Pa kwenda

Aende kwanza hospitali ya kawaida, apimwe damu, sukari, tezi ya shingo na moyo. Amwambie daktari dawa zote anazotumia, zikiwamo za miti shamba, na kahawa na mirungi bila kuficha. Vipimo vikitoka safi asikubali kuambiwa tu "huna kitu". Aulize kuhusu kitengo cha afya ya akili, ambacho kipo katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, Muhimbili jijini Dar es Salaam, na Kidongo Chekundu kwa walioko Unguja. Jina la Mirembe tumeligeuza tusi la mitaani, na watu wanaogopa kitengo hicho kwa sababu ya mzaha wetu. Hospitali ile ya Dodoma inatibu watu tangu mwaka 1927, na wengi wanaotibiwa maradhi ya wasiwasi popote pale wanarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Tiba ya mazungumzo humfundisha mgonjwa kuikata tafsiri ile ya kifo, na kumrudisha kwenye alichokikwepa hatua kwa hatua: leo hadi kona ya mtaa, wiki ijayo hadi mlango wa soko. Mshtuko ukimjia nyumbani, mkalishe, na umhesabie pumzi za polepole, kutoa kurefu kuliko kuvuta, hadi upite, nao utapita. Mgonjwa anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu dawa, diazepamu isinunuliwe kiholela dukani. Inatuliza haraka, lakini ndani ya wiki chache mwili huizoea, na kuiacha ghafla ni hatari. Dawa zinazotumika kwa muda mrefu, kama fluoksetini na setralini, hazilevyi. Hizo huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki mbili hadi sita, na siku za mwanzo zinaweza hata kumwongezea mtu wasiwasi kidogo, ndipo wengi wanapozitupa. Kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo anayefunga Ramadhani amwombe daktari ampangie kuzimeza baada ya futari au wakati wa daku, badala ya kuzikatiza kwa mwezi mzima.